Acheni Kuidharau Pangaboi

Bombardier Q400 mbili za mwanzo za Air Tanzania zilipotua Dar es Salaam Septemba 2016, wapo Watanzania waliozipokea kwa dharau. Walisema ni pangaboi, ndege za kizamani, zinakwenda polepole, na nchi inayojiheshimu hununua jeti. Ubishi ule ulipoa Dreamliner na Airbus zilipofuata, lakini imani iliyouzaa ingali hai, na sasa imejikita mahali ambapo madhara yake ni makubwa kuliko raha ya abiria: katika namna tunavyolifikiria jeshi letu la anga. Muulize mtu yeyote barazani jeshi la anga ni nini, atakutajia ndege vita. Ile ndege kubwa ya mizigo yenye mapangaboi manne, tumbo pana na mlango mkubwa mkiani haimo katika hesabu yake. Kwake hiyo ni lori lenye mabawa, na lori halilindi nchi.

Nimelisikia hilo hapa Tanga, Ngamiani na Chumbageni, nimelisikia kwa watu wenye elimu na vyeo. Nalipinga. Nalipinga nikiwa mtu wa pwani hii, inayoanzia Jasini mpakani hadi Saadani, na nasema hivi: kama ipo ndege ya kijeshi ambayo watu wa Mkinga, Tanga, Pangani na ng'ambo ya pili, Pemba, wana haja nayo, basi ni hiyo hiyo inayodharauliwa.

Tuanze na hilo la uzamani, maana ndilo linalorudiwa sana. Pangaboi ya leo haiendeshwi na injini ya pistoni kama zile Dakota za East African Airways zilizokuwa zikitua Tanga enzi za mkonge. Ndani yake mna injini ya jeti kamili. Hewa inaingia, inashindiliwa, inachanganyika na mafuta, inawaka. Nguvu ya moto ule, badala ya kutupwa nyuma yote, hupitishwa kwenye gia ikazungusha pangaboi. Pangaboi husukuma hewa nyingi kwa kasi ya wastani, ilhali jeti husukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa. Katika safari fupi na kimo cha chini, pangaboi hula mafuta kidogo zaidi. Hiyo ni fizikia, haina uzamani wala usasa.

Kisha tazama ndege hiyo inavyotua. Magurudumu yakigusa ardhi, rubani hugeuza uso wa mapanga yenyewe, yakaanza kusukuma hewa kuelekea mbele, na tani kadhaa za chuma zikasimama ndani ya mita mia chache. Bawa limewekwa juu ya kiwiliwili, kwa hiyo injini zinaning'inia mbali na kokoto na vumbi. Jeti ya abiria iliyobeba injini chini ya bawa, karibu na ardhi, ikitua penye changarawe yaweza kuvuta mawe ndani na kujiharibu. Kiwanja cha Tanga kina njia ya kurukia ya kilometa moja na ushei. Airbus A220 za Air Tanzania haziwezi kufanya kazi hapo. Viwanja vya Saadani na Mashado, Pangani, ni vya udongo na majani. Anayesema jeti ndiyo ndege ya heshima, huku kwetu anazungumzia ndege isiyoweza kutufikia.

Kijana mmoja, fundi simu pale Ngamiani, aliwahi kunibana: "Lakini mzee wangu, kasi je? Vita ni kasi." Nikamjibu, "Mwanangu, piga hesabu." Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga kwa anga ni kama kilometa 200. Hercules ya kisasa, pangaboi ya mizigo ya kijeshi, huenda kilometa 640 kwa saa, jeti ya abiria 850. Tofauti ni dakika tano. Nchi nzima inadharau ndege kwa sababu ya dakika tano, halafu inasahau kwamba mwenye kasi asiyekuwa na pa kutua hukata mawingu na kurudi alikotoka.

Hiyo Hercules, C-130, iliruka mara ya kwanza Agosti 23, 1954. Hadi leo inaundwa Marietta, katika jimbo la Georgia, Marekani. Zimeshatengenezwa zaidi ya 2,500, na nchi zaidi ya 60 zimezitumia. Watu huichukua tarehe hiyo ya 1954 kuwa ushahidi wa uzee. Mimi naiona kuwa hukumu ya miaka sabini: mataifa yenye fedha za kununua chochote yamejaribu kila kitu na bado yanarudi dukani kuinunua. Ulaya ilipotaka ndege mpya kabisa ya mizigo ya kijeshi, ikaunda Airbus A400M, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 2009. Ina mapangaboi manne, na kila injini ina nguvu ya farasi wapatao 11,000. Wangeweza kuweka jeti, hawakuweka. Jirani zetu Kenya nao, walipotafuta mbadala wa Buffalo zao zilizochakaa, walichukua C-27J Spartan za Italia, pangaboi vilevile.

Nitatenda haki: Brazil imeunda C-390, ndege ya mizigo ya jeti, na Uholanzi na Ureno zimeichagua ichukue nafasi ya Hercules. Ni ndege nzuri. Lakini wanaoinunua ni watu wenye safari ndefu za kimo cha juu na viwanja vya lami kila wanapokwenda. Maisha yao si ya Mkwaja, kule Pangani.

Wanaodai kwamba ndege ya mizigo si jeshi, waisome historia ya jeshi letu wenyewe. Ujerumani Magharibi ndiyo iliyoanza kutusaidia kuunda kikosi cha anga mwaka 1964, ikajiondoa mapema 1965 kwa sababu Tanzania ilikubali uwepo wa Ujerumani Mashariki. Nafasi yake ilichukuliwa na Canada, na marubani wetu wa mwanzo walifunzwa kwenye Otter na Caribou, ndege za mizigo zenye uwezo wa kutua penye majani. Ndege vita za Kichina zilifuata miaka ya sabini. Baada ya Caribou tukapata DHC-5 Buffalo, ambayo ni Caribou iliyokuzwa na kupewa injini za tabaini, na baadaye tukawa miongoni mwa nchi zilizonunua Y-8, ndege ya Kichina iliyotokana na Antonov An-12 ya Kisovieti. Kwa hiyo jeshi la anga la Tanzania lilizaliwa likibeba mizigo. Waasisi walijua nchi hii ni pana, barabara zake zinakatika, na mtu wa kwanza kumfikisha askari na mgonjwa ni yule mwenye ndege inayotua popote.

Na vita? Usiku wa Julai 3 kuamkia 4, 1976, Israeli ilipokwenda kuwatoa mateka wake Entebbe, ilisafiri kilometa karibu 4,000 kwa Hercules nne, zikiwa na makomando, Land Rover na Mercedes nyeusi tumboni. Ndege vita haikumtoa mateka hata mmoja siku ile. Miaka mitatu baadaye Gaddafi alipotaka kumwokoa Idi Amin, alileta askari na silaha kwa ndege za mizigo, na mojawapo, Hercules ya Libya, iliteketezwa na askari wetu palepale Entebbe walipouteka uwanja Aprili 1979. Makamanda wetu walijua ndege ipi ni ya kupigwa kwanza. Sisi raia ndio tuliosahau.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Mombasa, mwendo wa saa chache ukivuka Horohoro. Mwishoni mwa Agosti 1992, Somalia ikiwa inakufa kwa njaa, Wamarekani waliweka Hercules zao katika Uwanja wa Moi. Kwa takriban miezi sita ziliruka kwenda Wajir, Baidoa, Beledweyne na kwingineko, zikabeba kiasi cha tani 28,000 za chakula na dawa. Zilitua kwenye viwanja ambavyo havikuwa na taa wala karakana, zikashusha mizigo huku injini zikinguruma, zikaondoka. Huko Lokichoggio, kaskazini ya Kenya, ndege za namna hiyo zilizopakwa rangi nyeupe zililisha Sudan Kusini miaka na miaka. Mahali pasipo na kiwanja kabisa, rubani alishuka hadi mita mia mbili hivi juu ya ardhi, akafungua mlango wa mkiani, akainua pua ya ndege kidogo, na magunia ya mahindi yaliyovikwa viroba viwili vitatu yakateleza yenyewe kwa uzito wake, bila mwavuli, hadi kwenye uwanda uliosafishwa. Niambie ni ndege vita gani itakayofanya hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike, kwa sababu hata wanaokubali yote niliyosema huishia kwenye kubeba. Wanadhani ndege ya mizigo ina kazi moja. Ukweli ni kwamba tumbo lile tupu ndilo lililoifanya kuwa ndege yenye sura nyingi kuliko zote duniani. Kiwiliwili kilekile cha Hercules kimewekwa mizinga kikawa ndege ya mashambulizi. Kimewekwa mabomba kikawa cha kujazia ndege nyingine mafuta angani. Kimefungwa skii kinatua kwenye barafu ya Greenland na Antaktika. Kimepangwa machela 74, kikawa wodi inayoruka. Kipo kikosi cha Marekani, chenye kituo Keesler, Mississippi, ambacho kazi yake ni kuingiza Hercules katikati ya tufani na kudondosha vipimo vya joto, upepo na mgandamizo. Upo mtambo wa kuzimia moto: tangi linasukumwa ndani kwa magurudumu, ndege inaruka, inamwaga lita zaidi ya 11,000 kwa sekunde chache, na moto ukiisha tangi linatolewa, ndege inarudi kubeba unga. Wachina nao wameigeuza Y-8, ndege ya aina tuliyoinunua, kuwa ya doria ya bahari, ya kuwinda nyambizi, na ya kubeba rada kubwa mgongoni.

Weka hayo kando ya nchi yetu na pwani yetu uone.

Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka siku kadhaa, na mamia ya vijana walipanda kuupiga moto ule kwa matawi ya miti. Misitu ya Amani na Magamba, katika Usambara, nayo inaweza kuwaka wakati wa kiangazi. Oktoba 2019 mvua zilikata barabara ya Korogwe na Handeni, watu wakafa, vijiji vikabaki visiwa. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja kikiielekea pwani, vivuko vya Zanzibar vikasimamishwa, na sote tukawa tunangoja taarifa za satelaiti bila ndege yoyote ya kwenda kukipima kwa ndani. Simwambii mtu kwamba Tanzania inunue ndege ya kuwinda vimbunga kesho. Nasema kila moja ya siku hizo ilikuwa siku ya pangaboi ya mizigo, na hakuna hata moja iliyokuwa siku ya ndege vita.

Lakini bahari ndiyo inayoniuma. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Walionusurika walikaa majini kwa saa nyingi wakishikilia magodoro na chochote kilichoelea. Wavuvi na boti za watu binafsi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Waliokufa walikuwa zaidi ya mia mbili kwa miili iliyopatikana, achilia mbali wasioonekana tena. Kutoka Tanga hadi Nungwi kwa anga ni kilometa 75 hivi, na kutoka Dar es Salaam ni 130 hivi. Ndege inayokwenda kilometa 500 kwa saa ingetumia robo saa kutoka Dar, na chini ya dakika kumi kutoka kwetu. Ndege ya mizigo iliyofungwa vifaa vya uokoaji hufika, hudondosha mishumaa ya mwanga inayoshuka polepole kwa miavuli, huona vichwa majini, hutupa maboya ya mpira yanayojifutua yenyewe yakabeba watu kumi, ishirini, kisha huzunguka hapo kwa saa kadhaa ikiziongoza boti hadi alipo kila mtu.

Mtu ataniambia hayo ni ya Ulaya. Si ya Ulaya. Canada ilikuwa na Buffalo, ndugu wa Buffalo zetu, kutoka kiwanda kilekile cha de Havilland Canada. Ilizipaka rangi ya manjano, ikaziweka katika pwani yake ya magharibi, ikazipa wahudumu waliofunzwa kuruka kwa miavuli na kutibu majeruhi, na zikafanya kazi hiyo ya uokoaji hadi mwaka 2022. Ndege ni ileile. Walichokuwa nacho wao ni uamuzi kwamba ndege ya mizigo ina wajibu wa kumtafuta mtu aliyepotea baharini, saa yoyote, na vifaa vyake vikae tayari mlangoni.

Kuna na ulinzi hasa, ule wanaoupenda wapenda ndege vita. Eneo letu la kiuchumi baharini ni kilometa za mraba zipatazo 223,000. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa humo na karibu tani 300 za samaki, wale ambao nchi nzima iliwaita samaki wa Magufuli. Tuliifurahia sana kesi ile. Ni wachache waliouliza meli iliyoikamata ilikuwa ya nani. Ilikuwa Sarah Baartman, ya Afrika Kusini. Oktoba 2011 maharamia waliishambulia meli ya uchimbaji wa mafuta upande wa Mafia. Kwa miaka mingi wavuvi wa baruti wamevunja matumbawe ya Tanga, hata tulipotangaziwa hifadhi ya samaki aina ya silikanti mwaka 2009. Na sasa mwisho wa bomba la mafuta la kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, ni pale Chongoleani, ambako meli kubwa za mafuta zitapakia zikiwa jirani na mikoko na samaki wetu. Boti ya doria inayokwenda kilometa 37 kwa saa huhitaji saa kumi kufika mwisho wa eneo letu la bahari. Pangaboi yenye rada tumboni hufika kwa dakika 45, na rada yake inaona meli zilizo mbali na macho ya nahodha yeyote. Hispania ilipotaka kuwafuatilia maharamia wa Somalia kutoka Djibouti, ilipeleka P-3 Orion, kisha CN-235. Zote mbili ni pangaboi. Jeti ingechoma mafuta kwa ajili ya kupita haraka juu ya bahari ambayo kazi yake ni kutazamwa taratibu.

Nasikia hoja ya ndege nyuki. Ni chombo kizuri cha kuona, na tuwe nazo. Lakini ndege nyuki ikimwona mtu anazama itampiga picha. Haimtupii boya la kubeba watu ishirini. Helikopta humnyanyua mtu majini, na hilo pangaboi haiwezi, ila helikopta haikai angani saa nyingi wala haifiki mbali. Vyombo hivyo vinahitaji ndege kubwa juu yao ya kuviongoza. Nasikia pia kwamba pangaboi ni hatari, na watu hunitajia ajali ya Bukoba ya Novemba 2022, iliyoua watu 19. Nawapa pole waliofiwa. Ndege ile ilikuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, na hali mbaya ya hewa imeangusha ndege za kila aina. Tunachojifunza pale ni mafunzo, taa, vituo vya hali ya hewa na boti za uokoaji, si kuchukia mapanga.

Hoja nzito ni ya fedha. Mama anayejifungulia kwenye zahanati isiyo na maji anayo haki ya kuuliza kwa nini nataka serikali inunue ndege. Namjibu kwa heshima kwamba fedha za ulinzi zinatumika kila mwaka, atake asitake, na ugomvi wangu ni zitumike kwenye nini. Ndege vita ikikaa chini haina faida kwake, na ikiruka pia haina faida kwake mpaka vita vije. Ndege ya mizigo yenye machela humfikisha Hospitali ya Muhimbili akishindikana ile ya Bombo hapa Tanga. Siku ya mafuriko humletea dawa. Na sehemu kubwa ya ninachodai hapa si ndege mpya. Ni tangi la moto, rada ya tumboni, maboya, mishumaa ya mwanga, machela, vipuri, na mafunzo ya wahudumu, vitu vya kuingizwa na kutolewa katika ndege ya mizigo ambayo jeshi lingekuwa nayo hata hivyo.

Gwaride la Desemba 9 linapofanyika, ndege vita hupita juu ya jukwaa kwa sekunde chache na uwanja mzima huinua simu. Ikifuata ya mizigo, watu huteremsha mikono. Siwalaumu, kelele zile zinasisimua. Lakini bajeti haipaswi kuandikwa kwa msisimko wa uwanjani.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wa Tanga Mjini, Pangani, Muheza na Mkinga, na wenzao wa Pemba: bajeti ya Wizara ya Ulinzi ikisomwa tena Dodoma, simameni. Ulizeni ni ndege ngapi za mizigo za jeshi zilizo tayari kuruka usiku zikiwa na maboya na mishumaa. Ulizeni ni nani mwenye jukumu la kuzituma meli ikizama kati ya Nungwi na Mkoani, na simu yake inapokelewa na nani saa nane za usiku. Msikubali kujibiwa kwa idadi ya ndege vita. Endeleeni kuuliza hadi jibu liandikwe kwenye Hansard, ili watu wa pwani hii walisome.